Masika ya Fidla ya Bi Jannat

Jumamosi, 5 Aprili

Daftari hili Wendy ndiye aliyeniagiza ninunue. Alitaka niandike kila siku plagini yake imefanya nini na imekosea wapi, "kwa maneno machache, da Maisara, si hadithi." Mimi na maneno machache hatujawahi kuelewana, kwa hivyo ajilaumu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuhariri rekodi za muziki uliopigwa mbele ya watu: tarabu, kasida, mara mojamoja kwaya za kanisani. Nafanyia kazi chumba cha juu hapa nyumbani Kibokoni, kwa kompyuta moja na hedifoni nilizozifunga utepe. Naondoa vikohozi na viti vinavyoburutwa, na mwisho wa kila wimbo nafifisha, yaani naishusha sauti polepole mpaka iishe bila mtu kujua imeisha wakati gani. Kazi hii ukiifanya vizuri hakuna anayekusifu, maana hakuna aliyesikia kitu. Najisifu mwenyewe.

Wendy Awiti ameajiriwa katika ofisi moja ya bandarini. Siku za mapumziko huandika plagini, vijiprogramu vya kuchomeka ndani ya programu kubwa ya kuhariria sauti. Hiki cha sasa amenitengenezea mimi peke yangu. Kinasikia vigelegele vikianza, kinavishusha kwa upole kabla havijamfunika mwimbaji. Tumekiita Mpole.

Jumapili, 6 Aprili

Mpole hazaliwi na akili, lazima afundishwe. Wendy anataka vigelegele mia mbili vya watu mbalimbali. Kwa mtaa huu ukitaka vigelegele unaanza kwa mavyaa wangu, Bi Nana, mamake mume wangu Faiz. Tunaishi naye nyumba moja, yeye chini sisi juu. Alisimama mbele ya maikrofoni niliyomshushia sebuleni, akavua miwani, akafunga leso upya, akaachia. Paka alitoka mbio na hakurudi mpaka magharibi.

"Yatosha?"

"Yatosha, Mama."

"Hicho kilikuwa cha kujaribu koo."

Alitoa kumi na vinane. Nikipanda ngazi akaniuliza swali lake la kila siku, analoniuliza tangu niolewe: "Haya, umenyamazisha wangapi leo?" Kwake yeye hii si kazi. Ni mke wa mwanawe kujifungia chumbani na kuzima watu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua imeanza. Paa letu la mabati. Sikufanya kitu.

Jumatatu, 14 Aprili

Amekuja Bi Jannat, mpiga fidla wa kikundi chetu cha kinamama. Ana miaka sitini na minane na vidole vimeanza kumvimba kwenye viungo. Kabla ya Idd Kubwa anahamia Lamu kwa bintiye Nabiha, kwa hivyo onyesho la tarehe ishirini na sita ndilo la mwisho kwake. Kikundi kimempa zawadi: dakika nne apige fidla peke yake, pasi na mwimbaji.

Nikamwuliza ana maagizo gani kuhusu rekodi. Alikoroga kahawa yake kwa muda.

"Mwanangu, mimi nimepiga fidla hii miaka arubaini. Kanda zote ninazo. Ukizisikiliza, mimi ni kama mtu apigaye nyumba ya pili. Sitaki kusifiwa. Nataka nisikike mara moja, basi."

"Safari hii utasikika, Bi Jannat. Nakuahidi."

"Inshallah. Na sukari je, hamna?"

Jumamosi, 19 Aprili

Tumemjaribu Mpole kwa rekodi ya zamani ya harusi. Vigelegele vikapanda, Mpole akavishusha, sauti ya mwimbaji ikabaki juu peke yake. Wendy alicheza mle chumbani mpaka akagonga kichwa kwenye feni.

Nimemwambia tumweke Mpole mlangoni kabisa, sauti ipite kwake kabla ya kuhifadhiwa, niokoe wiki mbili za kazi. Wendy akatikisa kichwa. "Da Maisara, wewe ndiye ulonifundisha. Rekodi kavu kwanza, mapambo baadaye." Nikasema sawa.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Umeme umekatika mara nne.

Jumamosi, 26 Aprili

Onyesho limekuwa la ajabu. Naandika kabla sijavua nguo za kutokea.

Lilikuwa la wanawake watupu, baada ya alasiri, katika ukumbi mmoja wa Mbaraki. Mabuibui yanavuliwa, watu wamejipamba, kwa hivyo simu haiingii. Bi Nana ndiye huwekwa mlangoni, na kikapu chake cha ukili, kila mtu anaweka simu humo na kupewa namba. Hana mzaha. Bibi harusi mmoja aliwahi kubishana naye na mpaka leo hawasalimiani. Leo hata Wendy alinyang'anywa simu na akashika namba yake mkononi kama mgonjwa anayesubiri daktari. Chombo cha kunasa kilikuwa changu tu, sauti bila picha, na watu wote walijulishwa tangu kwenye mwaliko.

Saa kumi na moja ikafika zamu ya Bi Jannat. Alianza chini, pole. Halafu watu wakaanza kumshangilia, na yeye akafanya kile anachojulikana nacho: vigelegele vikipanda, fidla inapanda navyo, inatetemeka palepale juu na kuvijibu. Wanawake wakazidi, na yeye akazidi. Nilivua hedifoni nikasikiliza kwa masikio yangu. Nililia, nami si mtu wa kulia hadharani.

Nimwekee Wendy siri moja humu humu ndani ya daftari lake: Mpole nilimweka mlangoni. Alifanya kazi vizuri tangu wimbo wa kwanza.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeamka alfajiri, nimeswali, nimepanda juu na chai yangu. Nyimbo sita za mwanzo ni safi kabisa. Nikafika kwa Bi Jannat.

Fidla inaanza chini, unaisikia. Inapanda. Mara inazama. Kama mtu amefungiwa mlango. Inarudi, inazama tena. Nilidhani hedifoni zimekufa. Nikabadilisha nyaya. Nikafungua chaneli moja baada ya nyingine. Zote nane zimezama mahali palepale, kwa sababu Mpole nilimweka juu ya zote.

Nilichukua nusu saa kuelewa, na nilipoelewa nilikaa sakafuni. Bi Jannat alivijibu vigelegele kwa fidla inayotetemeka kama vigelegele. Mpole alisikia vigelegele. Akafanya alichofundishwa. Kila alipopanda yule mama kwa vidole vyake vilivyovimba, mashine yangu ilimsukuma chini, kwa upole. Katika dakika nne, anasikika dakika moja na nusu.

Rekodi kavu, ile isiyoguswa na kitu, haipo. Naijua sheria hiyo kuliko jina la babu yangu, nimeifundisha watu, na nimeivunja kwa uvivu na kwa kujiona. Siwezi kumsingizia Wendy wala mvua.

Adhuhuri Bi Nana aliita toka chini ya ngazi: "Umenyamazisha wangapi leo?"

Jibu nilikuwa nalo. Mmoja.

Jumatatu, 28 Aprili

Wendy amekuja baada ya kazi, viatu mkononi, maji yamejaa barabara kule Kibarani. Nilimweleza yote. Aliuliza mara moja tu, "Rekodi kavu iko wapi, da Maisara?" Nikamwambia haipo. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Amejaribu kuvuta juu zile sehemu zilizozama. Kinachopanda ni mchakacho mtupu, kama mchele unaopetwa.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nguo hazikauki, na mimi situlii.

Jumanne, 6 Mei

Bi Jannat ameleta kaimati kwa mkono wa jirani. Anasalimia, anauliza kazi imefika wapi. Nikatuma jibu: inaendelea vizuri. Kaimati nikazila zote, kumi na mbili, nikiona aibu kwa kila moja.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya swala ya Ijumaa, Faiz amenisikia nikizungumza na Wendy kwa simu. Ikabidi nimwambie wakati wa chakula. Mume wangu ni mtu wa gatini Mbaraki, kwake shehena ikizama unasema imezama. "Mwambie Bi Jannat. Si mtoto." Nikamjibu vibaya, nikamwambia yeye na makontena yake hawajui fidla ni nini. Haikuwa haki na nimemwomba radhi.

Nililoliona baadaye nilipofikiri: Bi Nana aliacha kula. Biriani ya Ijumaa, na Bi Nana akanawa mikono sahani ikiwa nusu.

Jumamosi, 10 Mei

Lo. Nitaliandika lote, Wendy anisamehe.

Saa tatu asubuhi nasikia mtu anapanda ngazi, anapumzika, anapanda. Bi Nana hajafika chumba hiki tangu goti limwanze. Akaingia, akafunga mlango na komeo, akaketi kwenye kiti changu.

"Nina neno, Maisara. Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

"Una nini, Mama? Waumwa?"

Akaingiza mkono kwenye mkoba, chini ya leso, akatoa simu yake, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Siku ile ya Mbaraki. Ilikuwamo mkobani. Ikinasa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe? Na kikapu?"

"Mlinzi wa kikapu nani amkague?" Akatazama dirishani. "Sauti tu, wallahi. Picha siwezi, ni haramu na aibu. Sauti tu."

Si siku ile peke yake. Ana maonyesho ya miaka sita. Harusi, maulidi, siku ya kumuaga Bi Aidarusi, yote mle mkobani. Nikamwuliza anafanyia nini.

"Nasikiliza nikichambua mchele. Nyinyi mko juu mwanyamazisha watu, Faiz yuko kazini, nyumba nzima kimya. Wataka niongee na paka?"

Miaka kumi na moja nimeishi juu ya kichwa cha mwanamke huyu nikiamini anaidharau kazi yangu. Kumbe tunafanya kazi moja, yeye kwa mkoba, mimi kwa hedifoni. Nilimbusu mkono na akanikemea.

Tukasikiliza. Alikuwa ameketi safu ya pili. Mwanzo kuna funguo, karatasi ya halua, mtu anaomba kupita. Halafu fidla. Fidla yote, toka mwanzo mpaka mwisho, juu na chini, haikuzama hata mara moja. Nilifumba macho. Kisha, palepale sikioni, kana kwamba mtu amenipiga kofi: kigelegele cha Bi Nana. Tena. Tena.

"Mama, umepiga ishirini na tatu ndani ya dakika nne!"

"Ilikuwa tamu. Ningefanyaje?"

Jumapili, 11 Mei

Mpole hafai kwa hili, ataizamisha fidla mara ya pili. Lazima vigelegele vya Bi Nana nivififishe kwa mkono, kimoja kimoja: nashusha hapa, napandisha pale, nachukua mwanzo wa noti kwenye rekodi yangu na mwisho wake kwenye simu. Wendy amesoma faili, akauliza rekodi ya simu imetoka wapi. Nikamwambia imetoka kwa Mungu. Akaandika plagini ya kuondoa mikwaruzo ya ngozi na karatasi. Ameiita Mkoba. Sijui amejua au hakujua.

Jumatano, 14 Mei

Vitatu vimekwisha.

Jumamosi, 17 Mei

Vinane. Mvua kubwa, lakini nimegundua ukifunga dirisha na kutandika godoro mlangoni unasikia vya kutosha. Bi Nana ananiletea chai mpaka ngazi ya tatu na kuiacha hapo. Tumekubaliana hivyo kwa ajili ya goti.

Jumanne, 20 Mei

Kumi na vinne. Vigelegele vya mavyaa wangu sasa navijua kuliko sauti yangu. Anavuta pumzi fupi kabla, ulimi unaanza kushoto. Nikiulizwa mahakamani nitaapa.

Jumamosi, 24 Mei

Vyote ishirini na tatu. Na kimoja zaidi nilichokigundua leo, kidogo, kilichojificha dakika ya tatu nyuma ya fidla. Hicho nimekififisha vizuri kuliko vyote, huwezi kujua kiliwahi kuwapo. Nimefurahi sana nafsini mwangu. Nimekula viazi karai vya watu wawili.

Jumatano, 28 Mei

Jua siku nzima. Nguo zimekauka.

Jumamosi, 31 Mei

Bi Jannat amekuja kusikiliza. Kesho kutwa anasafiri. Nilikuwa nimeamua simwekei hedifoni kichwani kabla sijamwambia ukweli, na Wendy alikuja makusudi anishike mkono.

Nikamwambia. Kwamba nilimwahidi asikike, kwamba niliweka mashine mlangoni kwa uvivu wangu, kwamba mashine ilidhani fidla yake ni vigelegele na ikamzamisha. Bi Jannat alinisikiliza mikono juu ya magoti, na uso wake ulibadilika nikaona nimemwua. Hapo ndipo Bi Nana, aliyepanda ngazi mara ya pili mwaka huu, akakohoa.

"Na mimi nilinasa kwa simu. Nshasema. Kikapu mpeni mtu mwengine."

"Wewe, Nana?" Bi Jannat akamgeukia. "Ulonitolea simu yangu mimi mkononi, na mimi ndiye mpigaji?"

"Sheria ni sheria."

Wendy alitoka nje kucheka. Bi Jannat akavaa hedifoni.

Alifumba macho. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea juu ya goti, vinafuata. Dakika ya kwanza, ya pili. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Nikajua nimeitimiza ahadi. Mara akainua kidole.

"Rudisha kidogo."

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Hapa umemshusha nani?"

Ilikuwa dakika ya tatu, kile kigelegele cha ishirini na nne, fahari yangu. "Hapo ni Bi Nana, bibi. Alikuwa amejificha nyuma ya fidla."

"Hapana, mwanangu. Hapa n'mimi."

Nikampa Bi Nana asikilize rekodi ya simu kabla ya kuguswa. Alisikiliza mara tatu, kichwa upande. "Si mimi," akasema. "Hapo nilikuwa nna halua mdomoni. Sikiza karatasi."

Nikavaa mwenyewe. Hakuna pumzi fupi. Ulimi hauanzi kushoto. Ni upinde, ukitetemeka juu ya uzi mmoja. Mimi niliyemlaani Mpole wiki tano, mimi niliyesema nitaapa hata mahakamani kwamba navijua vigelegele vya mama huyu, nimekaa mchana kutwa nikaififisha fidla ya Bi Jannat kwa mikono yangu miwili. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakanigongana.

Bi Jannat alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akalia, akacheka tena.

"Miaka arubaini," akasema. "Miaka arubaini naifundisha fidla hii kupiga vigelegele. Hiyo mashine ikakosea, nikasema ni mashine, haina mama wala shangazi. Lakini wewe, Maisara? Ulozaliwa Kibokoni, ulolala na kuamka juu ya Nana?" Akanishika uso kwa ile mikono. "Sasa n'mesikika."

Noti ile nimeirudisha mahali pake mbele yake, na rekodi ya simu, alhamdulillahi, sikuifuta. Akaniomba jambo moja tu: mwisho nisiufifishe. Kigelegele cha mwisho cha Nana kibaki, kizima, mpaka pumzi imwishe.

Jumatatu, 2 Juni

Basi la Lamu limeondoka asubuhi. Saa tano Bi Jannat amepiga simu yuko njiani. Alikuwa anasikiliza kwa vifaa vya masikio alivyopewa na Wendy, akamwazima jirani yake wa kiti kimoja. Yule mama amesikiliza, akamwuliza ni harusi ya nani, na ni nani huyo apigaye vigelegele virefu hivyo pasi na kuchoka.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia n'mimi."

Wendy ameomba daftari lake. Nitampa kesho, aone mwenyewe Mpole amekosea wapi, na kama aliyekosea ni Mpole.

Sasa hivi Bi Nana ameita toka chini: "Maisara! Umenyamazisha wangapi leo?"

"Hata mmoja, Mama."

"Ala! Basi shuka, hukufanya kazi. Njoo tuchambue mchele."

Kwenye dirisha la jikoni, nyuma ya chupa ya siki, naiona simu yake imewekwa wima, inanasa. Nimeketi upande wa pili wa sinia, nikaanza kuchambua.